Darasa Linalosikika Barabarani

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya maana imenikuta njiani nikitoka nyumbani, Mbunya. Nimeingia darasani viatu mkononi, matope mpaka magotini, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka. Asubuhi mimi, Madame Musoki, sichekwi.

Watoto wapya wengine wamefika, wa familia zilizokimbia upande wa Lubero. Nimewabananisha kwenye benchi la nyuma. Darasa langu la sita limejaa mpaka mlango haufungi, na ukitaka kupita katikati ya mabenchi unapita kwa ubavu. Hata hivyo napita. Siwezi kukaa. Mume wangu Paluku husema hata nyumbani natembea kama niko kazini, na yeye mwenyewe yuko Mahagi-Port kila wiki na biashara zake, sijui nani kati yetu hatulii.

Directeur Anaclet, mkuu wa shule yetu, amesimama dirishani watoto wakisoma kwa pamoja. Amefumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Madame, darasa yako njo redio ya masomo yangu," amesema, yaani ndiyo redio ya shule yake.

Kwake yeye darasa zuri ni lile linalosikika mpaka barabarani. Langu linasikika mpaka sokoni, na sababu ni Rébecca. Ana sauti huyo mtoto! Nimemweka benchi la mbele, namwambia "anza", anaanza, wengine wote wanamfuata. Najivunia, siwezi kuficha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Maharage yameungua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ikipiga mabati yetu mwalimu hasikiki hata na yeye mwenyewe. Desturi ya shule ni watoto kulaza vichwa kwenye mabenchi mpaka ipungue. Tharcisse, mwalimu wa darasa la tano upande wa pili wa ukuta wa mbao, hulaza kichwa chake pia, na akiamka ana alama ya kalamu shavuni.

Mimi nimeshindwa kulala. Nimeandika swali ubaoni kwa Kifaransa, swali la mtoto mdogo: ni nani anachunga ng'ombe wa babu? Ndiyo hadithi tunayosoma wiki nzima, wanaijua kama jina la mama yao. Nikawaonyesha kwa mikono: andika jibu kubwa kwenye karatasi, inua juu.

Zikainuliwa karatasi nyeupe. Nyeupe kabisa, safu kwa safu. Wengine wameandika "ndiyo". Rébecca ameandika mstari mzuri, herufi zimenyooka kuliko zangu. Nikasogea nisome. Alikuwa amenakili swali langu, lote, mpaka alama ya kuuliza.

Nilifikiri ananichezea. Nimemkodolea macho, naye amenikodolea yake, na mvua juu yetu ilikuwa inapiga tu.

Ijumaa, 14 Machi

Sikuamka vizuri. Kabla watoto hawajaingia nimefuta neno moja ubaoni kwenye hadithi ile. Palipokuwa na ng'ombe nimeweka mbuzi.

"Anza, Rébecca."

Akaanza. Darasa zima likamfuata, madirisha yakatetemeka, na ng'ombe akapita vilevile kama jana na juzi. Hakuna aliyejikwaa. Ni huko nyuma tu nilikoona mdomo mmoja ukijikunja vingine: Élisée, mvulana mwenye kigugumizi ambaye simwulizi kitu kwa sababu akianza kujibu wenzake wanamaliza kucheka kabla yeye hajamaliza neno. Élisée alisema mbuzi.

Directeur amepita, amepiga makofi.

Mapumziko nimezunguka uwanja mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewaita mmoja mmoja kwenye kona, kila mtoto mstari mmoja ambao hajawahi kuuona. Sitaki kuandika hapa wangapi wamesoma. Wengine wananitazama usoni wakitafuta neno huko, kana kwamba limeandikwa kwenye paji langu. Rébecca amesema koo linamwuma.

Saa sita Directeur ametuita walimu. Mwisho wa Mei, kabla majina ya watahiniwa wa mtihani wa mwisho wa primaire, shule ya msingi, hayajakwenda, atamsikiliza kila mtoto wa darasa la sita ofisini mwake. Asiyesoma ukurasa anarudi darasa la tano. Hataki aibu.

"Rébecca muache tu," ameniambia. "Ile sauti yake miye naisikiaka kila siku."

Ningesema pale pale. Nilifungua mdomo, Tharcisse akaanza kuuliza habari za chaki, nikaufunga. Mama yake Rébecca, Mama Gertrude muuza samaki, alishaniambia Januari bila kuzunguka: mtoto akifanya mtihani, ataendelea na masomo. Akirudishwa nyuma, ni mkubwa tayari, atakwenda naye Tchomia, ziwani, kukausha samaki. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga safari.

Nikinyamaza, Rébecca atafika kwenye mtihani na kukaa mbele ya karatasi isiyo na wa kuimba naye. Nikisema, anarudi nyuma leo.

Alhamisi, 20 Machi

Rébecca hayupo. Jana pia hakuja. Darasa limesoma kama gari lisilo na betri.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda sokoni baada ya masomo. Nimemkuta nyuma ya meza ya mama yake akipanga makayabo, samaki wa chumvi, na aliponiona akainama kama anatafuta kitu chini.

"Madame, mutoto anasema ulimunyanganya kazi ya kuongoza," akasema Mama Gertrude. Ana sauti ile ile ya binti yake, soko lote lilisikia. "Alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Nipe mutoto kidogo, mama." Ni kweli, tangu Jumatatu nilikuwa sijamwambia "anza".

Tulisimama nyuma ya masanduku ya samaki, inzi wakitusalimu. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani. Hasira yote ilikuwa tayari, na jinsi ninavyojijua, ningeimwaga. Lakini aliwahi yeye.

"Madame, utamwambia mama?"

"Nimwambie nini?"

Akakwaruza sanduku kwa ukucha. Halafu akaanza, polepole, bila sauti yake. Darasa la kwanza alilianza kwao, wakakimbia. Akalianza tena kambini, wakahama. Kila alikofika alikuta wenzake wako katikati ya kitabu.

"Nilikuta bote banaimba. Na miye nikaimba," akasema. "Nikiimba nguvu, hakuna mwalimu anaulizaka kitu."

Mimi ndiye niliyempa benchi la mbele kwa sababu ya nguvu hiyo, na mwaka mzima sikuuliza kitu.

"Sitamwambia mama," nikasema. "Lakini Jumatatu unakuya. Na hautaimba."

"Sasa nitafanya nini?"

Swali zuri. Nikamwomba Mama Gertrude masanduku mabovu.

Jumanne, 25 Machi

Tuna vibao! Katsuva, seremala jirani yangu, amezikata mbao za masanduku vipande vya kutosha kila mtoto. Watoto wakaponda betri kuukuu za redio, wakachanganya ule weusi na majani ya viazi vitamu, wakapaka. Vimekauka juani kati ya mvua mbili. Asiye na chaki anaandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na lazima nichunge wasiule.

Sasa nikiuliza, hajibu mtu kwa mdomo. Kila mmoja anaandika na kuinua, hata wa benchi la mwisho, hata mpya asiyejua Kifaransa, huyo anachora. Nakuta kosa kabla halijaota mizizi. Tatizo ni harufu. Unyevu ukiingia darasa lote linanuka Tchomia. Tharcisse ameuliza kupitia ukutani kama tunapika.

Ijumaa, 28 Machi

Matope. Wameniuliza tutaimba lini. Nimewaonyesha vibao.

Jumatano, 2 Aprili

Niandike yote kabla sijalala.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, anga limetulia. Niliwapa hadithi iliyokatwa vipande vya karatasi, kila mstari peke yake, wapange upya wawili wawili. Hapo kumbukumbu haisaidii, lazima macho yafanye kazi. Nilikuwa nimewakataza kusema kwa nguvu. Unajua ilivyo ngumu kwangu kunyamaza? Nilijifunga mikono nyuma, nikawa natembea kwa ubavu, nikingoja. Kila nilipotaka kumpa mtoto jibu nilijiuma mdomo. Na walikuwa wanafanya! Rébecca alikuwa ameshika kipande kimoja, jasho puani, anakitazama kama adui yake. Élisée pembeni yake amenyamaza, anasubiri.

Bahati mbaya darasa la tano lilikuwa nje kwenye bustani na Tharcisse, na wadogo walikuwa wameshakwenda nyumbani. Shule nzima ilikuwa kimya.

Nilisikia kwanza miguu barabarani. Halafu lango likagongwa kwa viganja, na sauti ya Mama Gertrude: "Batoto iko wapi? Nini ilitokea? Fungua!"

Nyuma yake akina mama wa sokoni, vitenge vimefunguka, mmoja bado ana kisu cha samaki mkononi. Mlinzi alifungua akidhani wao ndio wanakimbia hatari, naye akaanza kuita watu waingie ndani. Watoto wangu wakasimama juu ya mabenchi. Wale wa Lubero walikuwa wameshachukua mikoba yao na kupita dirishani, bila kilio, bila kuuliza, kama watu wanaojua kazi. Vipande vya hadithi vilikanyagwa vyote.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika: hakuna kitu, hakuna kitu, tunasoma tu!

"Munasomaka namna gani bila sauti?" Mama Gertrude alinishika bega, anahema. "Siye kule soko tunasikilizaka. Batoto bakisoma, tunauzisha. Leo tumesikia kimya. Madame, kimya hapa tunaijua."

Directeur aliniita ofisini. Nilijua atanifokea, nikawa nimepanga maneno makali juu ya redio yake. Hakufoka. Alikaa akisugua miwani kwa shati muda mrefu.

"Wakati ule wa vita," akasema, "asubuhi moja nilifika hapa, hakukuwa hata mutoto moja. Toka siku ile miye siwezi kufanya kazi kama sisikie sauti yao. Unafikiri napendaka kelele?"

Na mimi miaka yote nimemwita moyoni mzee wa majivuno.

"Uniambie sasa," akasema, "kile kimya yako iko ya nini?"

Nilimweleza vibao, vipande vya hadithi, watoto wawili wawili. Juu ya Rébecca sikusema. Alisikiliza, akasema atafikiri, na kama akina mama watakimbia tena kwa ajili yangu, darasa la sita atampa Tharcisse.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepata njia. Kila asubuhi tunaanza kwa kelele, hesabu na nyimbo zote wanazozijua, madirisha wazi, Rébecca anaongoza. Halafu nasema: "Akina mama wamesikia kwamba tuko. Sasa tufanye kazi." Katikati ya asubuhi tunarudia tena, tupumue.

Tharcisse analalamika kupitia ukutani. Anasema kelele zetu za zamani zilikuwa zinamsaidia, darasa lake lilikuwa linasoma na langu.

Jumapili, 13 Aprili

Likizo ya Pasaka. Nimemwona Rébecca kanisani akisoma zaburi mbele ya watu, Biblia wazi mikononi. Mama Gertrude amejaa kiti kwa fahari. Watu wanasema amina. Mimi nilikuwa natazama macho ya mtoto tu. Hayakutembea kwenye ukurasa hata mara moja.

Nimetoka nje kabla ya sadaka. Nilishindwa kukaa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimewaweka Rébecca na Élisée benchi moja, katikati, si mbele wala nyuma. Mpango ni huu: Rébecca anasoma akiweka kidole chini ya kila neno, kwa sauti ya kumfikia jirani tu. Akibahatisha, Élisée anagonga benchi mara moja. Hana haja ya kusema. Rébecca anarudi kwenye neno, anaangalia tena. Wote darasani wanafanya hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna anayeona nani anafundishwa na nani.

Siku nzima kugonga, kugonga, kama mafundi wa mabati. Mara moja Rébecca aligeuka akataka kumpiga ngumi. Élisée akagonga tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nimemwambia Rébecca: nieleze samaki wanakaushwa namna gani Tchomia. Akaeleza, mimi nikaandika ubaoni maneno yake vile vile alivyoyatamka, Kiswahili cha nyumbani. Kupasua, kuosha, chumvi, kupanga juu ya moto usiowaka. Alipomaliza nikampa kijiti. Akagusa neno la kwanza.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako."

Akasoma maneno yake mwenyewe mpaka mwisho, kidole na kijiti vyote viwili. Jumatatu tutayaweka kwa Kifaransa. Nimetoka kwenda kuosha uso, nimewaambia vumbi la chaki.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya Mwalimu. Nimepokea sabuni, mayai, jogoo mkali aliyemchana Tharcisse, na makayabo ya Mama Gertrude yaliyofungwa kwa jani la ndizi. Wazazi wengi, viti vya plastiki, jua.

Halafu Directeur akatoa karatasi mfukoni, akampa Rébecca pale pale mbele ya watu. Hotuba ya shukrani aliyoiandika mwenyewe jana. "Soma, mutoto wangu, basikie."

Nilisimama. Sikujua nasimama kufanya nini.

Rébecca aliitazama karatasi. Niliona macho yakitembea, mstari wa kwanza, polepole, polepole mno, na watu wanangoja. Nikaona alipokata tamaa. Alikunja karatasi, akainua kichwa, akatoa hotuba kutoka tumboni mwake, walimu ni wazazi wetu wa pili, Mungu awape maisha marefu. Sauti ilipanda mpaka barabarani. Watu walipiga vigelegele, Mama Gertrude alicheza.

Directeur hakupiga makofi. Alichukua karatasi yake, akaikunjua, akaitazama, akanitazama mimi.

"Madame," akasema, huku jogoo wangu akiwika kwapani mwangu, "ile tarehe ya mwisho wa Mei, Rébecca naye atakuya. Nitamusikiliza miye mwenyewe. Ukurasa yote."

Alhamisi, 1 Mei

Likizo. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kila siku. Wanasoma wawili wawili mvua ikipiga, vidole chini ya mistari, na hakuna anayelaza kichwa. Rébecca bado anagongewa benchi kidogo zaidi ya wengine. Anatoka na hasira, anarudi na hasira. Sauti yake ya kuongoza asubuhi imekuwa fupi, kana kwamba ana haraka ya kumaliza kelele.

Élisée ameuliza swali leo mbele ya wote. Lilichukua muda. Nilihesabu mabati ya paa ili nisimmalizie. Darasa lilingoja nami.

Ijumaa, 23 Mei

Mama Gertrude amepita shuleni. Anakwenda Tchomia baada ya majibu ya Directeur, na anataka kujua kama atafute nafasi ya mtu mmoja kwenye gari au ya watu wawili. Nimemwambia sijui. Ni kweli, sijui. Anasoma, lakini anasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na Directeur amezoea kusikia ngoma.

Jumanne, 27 Mei

Sili vizuri. Paluku amerudi, ameniangalia nikizunguka meza, amechukua sahani yake akaenda kula barazani.

Ijumaa, 30 Mei

Waliingia mmoja mmoja tangu asubuhi, mimi nimesimama pembeni ya kabati. Nilikatazwa kusema. Mvua ya usiku ilikuwa imekwisha na paa lilikuwa likidondosha matone tu. Mama Gertrude alikaa barazani na beseni lake la safari, mzigo umefungwa.

Rébecca aliingia karibu wa mwisho. Directeur alifungua kitabu ambacho sijawahi kukiona, akamsogezea. Hadithi ya mvua na daraja, Kifaransa.

Rébecca akaweka kidole.

Nilikuwa sijawahi kusikia usomaji mbaya namna ile ofisini humo. Neno, kimya. Neno, kimya, kurudi nyuma, tena. Sauti ndogo ambayo isingefika hata mlangoni. Kwenye neno la daraja alikwama, na mkono wake wa kushoto ukagonga meza mara moja, wenyewe, hakukuwa na Élisée. Akarudi, akalipata. Jasho lilimdondoka puani likaanguka kwenye ukurasa, akalifuta kwa kiwiko bila kuondoa kidole.

Directeur alivua miwani.

"Njo sauti hii nilikuwa nasikia kila siku?" aliuliza. Hakuwa anamkaripia. Aliuliza kama mtu aliyepotelewa.

"Hapana, Directeur," Rébecca akasema. "Ile ilikuwa nyimbo."

"Na hii hadithi, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Sijaisikiaka."

"Basi niambie kwa Kiswahili inasema nini."

Akamweleza: daraja limechukuliwa na maji, watoto wako ng'ambo, mwalimu anawaandikia masomo kwenye ubao mkubwa ili wayaone kutoka upande wa pili. Yote yalikuwemo kitabuni, hakuongeza wala hakupunguza. Directeur alikaa akitazama lile tone la jasho kwenye kitabu. Kisha akachukua kalamu na kuandika jina la Rébecca kati ya watahiniwa, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Nilimfuata Rébecca barazani. Mama Gertrude alikuwa ameshasimama, ameshajitwika beseni kichwani, mzigo wa mtoto mkononi. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Twende," akamwambia binti yake. "Sikukusikia hata kidogo."

"Nilikuwa nasoma, mama," Rébecca akasema. "Directeur ameandika jina yangu."

Mama Gertrude akamtazama, akanitazama mimi, akatua beseni.